Makabati ya mninga, rangi ya maji na kompresa ya fundi pancha

Mjomba alipokuja kutoka Muheza alisimama jikoni kwangu, akapitisha kiganja juu ya mlango wa kabati, akaufungua akachungulia na upande wa ndani, kisha akauliza, "Hii mmeagiza Dar?" Nikamwambia nimepuliza mwenyewe, uani, chini ya mwembe. Akacheka. Nikamtoa nje nikamwonyesha ringi ya baiskeli. Akaacha kucheka.

Milango 19, droo 6 na fremu zake zote. Nyeupe ya maziwa, laini kama sahani ya kaure. Na ni rangi ya maji. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nilielezwa na watu wawili wanaokula kwa rangi, na shemeji yangu anayekula kwangu, kwamba haiwezekani. Fundi seremala alisema, "Dada, rangi ya maji ni ya ukutani, mbao inataka duko," yaani ile rangi ya kupuliza inayolegezwa kwa tina. Mpaka rangi wa magari alisema itatoka kwenye bunduki ya kupulizia kama manyunyu ya mvua. Mwenye duka alisema inawezekana, na huyo ndiye aliyenitia hasara kuliko wote. Shemeji alisema tu, "Achana nayo," maana hilo ndilo jibu lake la kila kitu.

Niling'ang'ania rangi ya maji kwa sababu ya mama. Ana pumu, anakaa nami, na chumba chake kinapakana na jiko. Mwaka juzi jirani alipopuliziwa kabati la nguo kwa duko, harufu ya tina iliruka ukuta ikakaa kwetu wiki nzima, na mama akalala ameketi. Kwa hiyo fundi aliponiletea makabati ya mninga yakiwa mbao tupu, akaniambia kesho anakuja na duko lake, nikamwambia asije. Tukabishana. Akachukua salio lake akaenda zake, mimi nikabaki na kuni za bei mbaya.

Brashi nilijaribu, kwenye mlango wa kabati la mtungi wa gesi ambalo halionekani. Mistari ikabaki kama shamba lililopita plau. Nikajaribu kirola kidogo cha sponji, kikaacha vipele. Labda kuna mwenye mkono wa brashi, si mimi.

Basi nikaamua kupuliza. Nikaenda kwa yule mzee wa duka la rangi, nikamwamkia, akaitikia vizuri, nikamwonyesha kopo langu la lita 4, rangi ya maji ya mbao, nililolinunua kwake mwenyewe kwa 80,000 na ushee. Nikamuuliza kama inapulizika.

"Inapulizika mwanangu, lakini nzito. Itie tina, robo hivi, ilegee."

"Tina, mzee? Si imeandikwa ya maji?"

"Tina ni tina. Mimi nauza rangi tangu hujazaliwa."

Nani mimi nibishane na mtu anayeuza rangi tangu sijazaliwa? Nikanunua na lita moja ya tina, kwake hukohuko. Nyumbani nikamimina rangi kwenye ndoo, nikaanza kutia tina taratibu huku nakoroga kwa mwiko wa zamani. Mwanzoni ilipendeza, ikawa inazunguka kwa michirizi inayong'aa. Halafu nikaona nyuzi nyeupe zinafuata mwiko. Nyuzi zikawa vinundu, vinundu vikashikana. Rangi ikakatika mbele ya macho yangu kama maziwa yaliyotiwa ndimu, mabonge juu na maji ya kijivujivu chini.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikajiambia tina haijatosha, nikaongeza. Mabonge yakawa makubwa. Shemeji akaja kusimama na kikombe chake cha chai, akatazama, akasema, "Si uchuje?" Tukachuja kwa kipande cha chandarua. Kilichobaki kwenye chandarua kilifanana kabisa na unga wa maandazi uliozidiwa maji, na kilichopita hakikuwa rangi tena. Lile bonge liligandia kwenye ndoo, likawa gumu kama jiwe. Sijalitupa. Ndilo linalozuia mlango wa bafu usijibamize upepo ukivuma.

Baadaye nilielewa, na nawaeleza bure: rangi ya maji ni chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea kwenye maji bila kugusana. Ukileta tina ya duko, unazilainisha na kuzigombanisha na maji yao, zinakimbiliana na kushikana. Kinacholegeza rangi ya maji ni maji. Safi, basi. Na hata hayo si ya kumwaga tu.

Kopo la pili lilikuwa na maandishi madogo ubavuni ambayo na la kwanza lilikuwa nayo, ila sikuyasoma: maji yasizidi sehemu 1 kwa sehemu 10 za rangi. Sasa, mimi kazi yangu ni mahesabu, na "isizidi" kwangu si jibu. Nilitaka kujua wapi hasa. Nikachukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, nikakata kitako, nikatoboa kifuniko kwa keekee ya milimita 4, nikaigeuza juu chini, nikaitilia alama kwa kalamu. Unaziba tundu kwa kidole, unajaza hadi alama, unaachia huku simu inahesabu. Maji matupu yaliisha kwa sekunde 11. Rangi jinsi ilivyotoka koponi ilichukua dakika 1 na sekunde 20. Nilitia maji kijiko kwa kijiko, nikapima, nikaandika kwenye daftari. Iliponyooka kupulizika ilikuwa kati ya sekunde 35 na 40, uzito wa uji wa mtoto anayeanza kula. Chini ya 30 inachuruzika, juu ya 50 inatema vipele. Chupa yako itakuwa na namba zake, usichukue zangu. Lakini ukishazipata, kila ndoo utakayokoroga itakuwa sawa na ya jana, na hilo hakuna fundi aliyeniambia. Wao wanainua mwiko wanatazama inavyoshuka, wanasema "hapo poa." Poa gani?

Chuja kila mara, hata kopo likiwa jipya. Soksi ndefu za kike za nailoni zinachuja vizuri kuliko chujio la chai.

Bunduki nilinunua ya kikombe cha juu, tundu la milimita 1.8, kama elfu sitini na kitu. Ya 1.3 niliyoazimwa na yule wa magari iligoma, rangi ya maji ni nene kwake. Kompresa ndiyo iliyokuwa mtihani. Kununua kompresa ya maana ni pesa ya pikipiki iliyotumika. Zile ndogo za lita 24 zinapiga kelele sana na upepo unaisha kabla mlango haujaisha, unaanza na ukungu unamaliza na mate. Nikamwendea fundi pancha wa kona, ana kompresa kubwa ya tangi refu. Tukakubaliana 15,000 kwa siku, siku za Jumapili ambazo kwake kazi ni chache, na guta ya kuileta juu yangu.

Nilifanya mazoezi kwenye maboksi ya friji Jumapili nzima, nikajiona nimeiva. Jumapili ya pili nikapuliza mlango wa kwanza wa kweli. Mlango ule ulikusanya magonjwa matatu kwa mpigo.

La kwanza lilionekana ndani ya dakika moja. Rangi ilikuwa imelala vizuri, mara ikaanza kufunguka vishimo vya duara, kama macho ya samaki, katikati ya kila kimoja unaona mbao. Nikapuliza tena juu yake, vikafunguka tena. Nikidhani ni mbao chafu nikafuta yote kwa kitambaa cha maji (hapo ndipo uzuri wa rangi ya maji, unafuta na kuanza upya), nikaosha kwa sabuni, nikakausha, nikapuliza, macho yaleyale. Nilikaa chini ya mwembe karibu nilie. Fundi pancha akapita kuangalia kompresa yake, nikamwonyesha. Akatazama mlango, akatazama mpira wa upepo, akaninong'oneza kama anaungama: "Dada, huu mpira tunatilia na oili ya kulainishia zile bunduki za kufungulia nati."

Akachukua kioo changu kidogo cha kujitazamia, akafungulia upepo mtupu juu yake sekunde chache. Kioo kikajaa vitone vya mafuta. Mafuta na rangi ya maji havipatani hata kwa chembe isiyoonekana. Nikanunua mpira mpya ambao haujawahi kuonja oili, nikanunua na kile kichujio cha kikombe cha kioo kinachokamata maji na mafuta, jumla labda 45,000, nikavifunga. Tukafungulia koki ya chini ya tangi yakatoka maji ya kahawia karibu nusu kikombe, Tanga hewa yenyewe imebeba bahari. Sasa kila asubuhi kabla ya kazi namwaga maji ya tangi na kupuliza kioo. Kioo kikiwa kikavu, naendelea. Huyu fundi pancha, ambaye hakuniuzia ushauri wowote, ndiye aliyenifaa kuliko wale wote wa rangi.

Kama umewahi kupiga makabati yako ile dawa ya kung'arisha fanicha ya makopo, macho hayo yatakuja hata kompresa ikiwa safi. Osha kwanza kwa kila ulichonacho.

Ugonjwa wa pili: rangi ilipokauka, mlango ulikuwa mkavu wa kukwaruza kama ulimi wa paka. Maji yameamsha nyuzi za mbao zikasimama. Hilo ni jepesi, nitalisema pamoja na la tatu, maana dawa yao ilikuwa moja.

La tatu lilikuja usiku. Nililala na mlango mweupe, nikaamka na mlango wenye madoa ya waridi na kahawia, hasa kwenye vifundo na pembezoni mwa mishipa ya mbao. Jumapili iliyofuata nikapuliza koti lingine. Kesho yake madoa yamerudi. Aliyewahi kuona mninga ukikatwa anajua ule utomvu wake mwekundu kama damu. Rangi ya mti huo iko ndani ya mbao, na maji ya rangi yanapoingia yanaiyeyusha na kupanda nayo juu. Unaweza kupiga makoti kumi, itapanda yote kumi.

Hapa nilirudi kwa watu. Fundi wangu, kwa simu, bila kuficha furaha yake: "Si nilikwambia?" Nikakata. Mzee mmoja seremala wa Ngamiani, ambaye siku hizi hafanyi kazi nzito tena, ndiye aliyenipa jibu. Alinikalisha, akanipa maji, akaniuliza kama najua shelaki. Nikamwambia sijui. Akatoa kwenye mkebe vigamba vyembamba rangi ya kaharabu, kama makombo ya kashata. Robo kilo kwa lita moja ya spiriti, kwenye chupa ya kioo, usiku mzima, unaitikisa kila unapopita.

"Sasa usiitumie," akasema. Nikamtazama. "Iache siku 3 usiiguse hata kuitikisa. Chini itatua tope jeupe. Hiyo nta. Rangi yako ya maji haitashika juu ya nta. Nyonya ile ya juu tu, iliyo safi kama chai ya rangi."

Nilinyonya kwa mrija mwembamba wa plastiki, kwa mdomo, kama wanavyofanya madereva kwenye petroli, na nikaionja. Msifanye hivyo. Tumieni sindano kubwa ya hospitali.

Makoti mawili membamba ya ile chai, kwa kitambaa kilichofungwa kama kifundo, nusu saa kati ya moja na lingine. Harufu ya spiriti ipo, sitadanganya. Mama nilimpeleka kwa dada yangu siku 2. Lakini spiriti inaruka upesi, haikai kama tina. Mbao ikafungwa: damu ya mninga haikupanda tena, na maji hayakufika kwenye nyuzi, ulimi wa paka ukaisha. Msasa namba 320 mara moja kwa mkono mwepesi, kitambaa chenye unyevu kufuta vumbi. Wakati mwingine nikiutazama mlango ule wa kwanza nautafuta waridi, sijauona hadi leo.

Kupuliza kwenyewe sasa. Watu wa duko wana mkono wao: wanasimama mbali, wanapiga vumbivumbi, wanarudia. Kwa rangi ya maji, ukisimama mbali matone yanakauka hewani, yanatua kama mchanga, unapata mlango wa kukwaruza ingawa mbao ilikuwa laini. Ukisogea mno inashuka machozi. Umbali wangu ni shibiri moja, na mimi vidole vyangu si virefu. Upepo nikaweka 30, geji ikisomwa wakati umebana kifyatulio, namba ileile unayojaziwa kwenye tairi la gari dogo. Mkono uende sambamba na mbao, usizungushe kifundo kama unayefagia. Anza kubana kabla hujafika mlangoni, achia baada ya kupita. Kila mstari ulalie nusu ya uliotangulia. Haya yote nimeyajua kwa kuharibu maboksi.

Lakini siri, kama kuna siri, iko kwenye jicho. Usitazame bunduki. Inama, tazama ule mstari uliotoka kupita, kwa mshazari, ukielekea kwenye mwanga. Unatakiwa kuona maji: ukanda ulolowa wote, unaong'aa kama sakafu iliyotoka kupigwa deki, bila kisiwa kikavu katikati. Ukiona visiwa, punguza mwendo wa mkono au sogea karibu. Ukiona ukanda umetuna na kuanza kuvimba kwa chini, umezidisha. Vikitua vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa lakini vimelowa, subiri, usiguse. Vingi vinalala vyenyewe ndani ya robo saa. Mara ya kwanza sikuamini, nikavipulizia koti la pili palepale kuvifunika, ikawa machozi hadi kwenye miguu ya kiti.

Muda pia. Nilikuwa napuliza saa 6 mchana kwa sababu jua linakausha. Kosa. Mbao ikiwa ya moto rangi inakauka kabla haijajitandaza, na mchana wa kipupwe kusi inaamka na mavumbi yote ya barabarani. Nikahamia saa 1 na nusu asubuhi hadi saa 4 basi. Usiku wa kuamkia siku hiyo namwagilia maji uani, na kwenye kamba natundika mashuka mawili yaliyolowa upande unaotoka upepo. Majirani wakadhani nafua sana.

Ringi ya baiskeli sasa. Mlango una pande nne za ubavu na uso, na kila ukizunguka kuufuata, mpira wa upepo unakufuata nyuma na kuburuta juu ya mlango uliokwisha kuupuliza. Nimepata mistari miwili ya hivyo. Ile ringi ilikuwa ya baiskeli ya marehemu baba, tairi hakuna, ekseli nzima. Nikamwomba fundi wa kuchomelea aisimamishe ekseli kwenye bomba, bomba kwenye kitako cha chuma kilichokuwa cha feni. Ringi ikalala kama meza. Juu nikafunga mbao mbili kwa msalaba, na kwenye msalaba nikapigilia misumari mirefu ncha juu. Mlango unakaa juu ya ncha nne tu. Mimi nasimama mahali pamoja, mkono wa kulia una bunduki, wa kushoto unasukuma ringi kwa kidole kimoja. Ubavu, zungusha, ubavu, zungusha, mara nne, halafu uso. Mbavu kwanza siku zote, kwa sababu ukungu wake unatua usoni, na uso ukija mwisho unaumeza. Mlango mmoja dakika 2. Shemeji alipoona akasema hilo wazo alikuwa nalo.

Nilianza upande wa ndani, ukakauka, nikageuza. Ncha za misumari zinaacha alama ndogo sana kwa ndani, ukitaka kuziona lazima uambiwe.

Kati ya makoti nilisubiri angalau muda wa saa 3. Kipimo changu ni msasa namba 400: ukitoa unga mweupe mkavu, endelea. Ukitoa vinyuzi vya kujiviringisha kama taka za ufutio, nenda kanywe chai. Milango miwili niliisugua kwa stiliwaya laini, ile ya sufuria, nikiona msasa umeniishia. Siku ya pili vikajitokeza vitone vya kutu kila mahali, kumbe vipande vidogo vya waya vimebaki vikanyweshwa maji ya rangi. Nikarudia yote miwili. Makoti yakawa matatu kwa kila mlango, ile miwili sita.

Vaeni barakoa ya maana. Rangi haina harufu, ndiyo, lakini ukungu ni ukungu. Jumapili ya kwanza sikuvaa, jioni nikapiga chafya nyeupe. Na bunduki ioshwe papo hapo, si baada ya chakula. Niliiacha wakati wa ugali mmoja tu, ilinichukua jioni nzima na mswaki kuifungua.

Karibu nisahau kosa la mwisho, ambalo sina wa kumlaumu. Rangi ikawa kavu kwa kugusa, nina haraka ya sifa. Siku 2 baadaye nikafunga milango yote kwenye bawaba zake, nikafunga makabati, nikalala. Asubuhi kabati la vikombe halifunguki. Nikavuta, likafunguka kwa sauti ya plasta inayobanduka, na ngozi ya rangi upana wa kidole ikabaki kwenye fremu. Kukauka si kukomaa. Chembe zile za plastiki zinaendelea kushikana wiki nyingi, na kwa hewa yetu ya baharini ndiyo kabisa. Nikaivua milango yote, nikaiegemeza ukutani chumbani kwangu wiki 3, nikawa nalala katikati yake kama mlinzi wa stoo. Nilipoirudisha nikabandika vile vidonge vya mpira kwenye pembe, milango isilalie fremu moja kwa moja.

Gharama sitawadanganya kwamba ni ndogo. Nikihesabu lile kopo lililogeuka mtindi, mpira, kichujio, bunduki, guta za kila Jumapili na soda za fundi pancha, ni juu ya laki 5, na fundi wangu angepiga duko kwa laki 3 na nusu. Juzi huyohuyo kanitumia ujumbe: ana mteja mwenye mtoto mchanga hataki harufu, na eti ile chupa naitoboa tundu la ngapi. Nimemjibu milimita 4. Shelaki sijamwambia bado, nasubiri kwanza aniamkie "shikamoo."

Mlango wa kabati la juu ya friji una sisimizi ndani ya rangi. Alipita wakati koti la mwisho limelowa, akafika kama nusu ya safari. Nilitaka kumng'oa na kupiga msasa, mama akakataa. Sasa kila mgeni akisifia makabati, mama anamwinua hadi pale amwonyeshe.